Spa Kaptagat: Pesa Hupotelea Wapi, na Huokolewaje

Kaptagat haikosi miguu inayouma. Kila alfajiri makundi ya wanariadha hupita kwenye barabara za udongo mwekundu kando ya msitu, na jioni miguu hiyo hiyo huhitaji kunyooshwa, kukandwa na kupumzishwa. Hapa ndipo Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon wamefanyia mazoezi yao chini ya kocha Patrick Sang. Nyuma yao kuna mamia ya vijana wasiojulikana ambao nao wana misuli. Ongeza wageni wanaotoka Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, wakitafuta hewa baridi na utulivu wa wikendi, na ni rahisi kuelewa kwa nini vijana waliosomea urembo na ukandaji wanafikiria kufungua spa Naiberi, Strawberry au Kaptagat yenyewe.

Wazo si baya. Kinachoangusha biashara za aina hii mara nyingi si ukosefu wa wateja, bali ni gharama ambazo mwenye biashara amejifunga nazo kabla mteja wa kwanza hajavua viatu. Na pesa zenyewe huwa si za mchezo. Ni za ng'ombe aliyeuzwa, mkopo wa chama, akiba ya mzazi, au zawadi ya mbio ambayo mwanariadha aliipata mara moja na huenda asiipate tena. Zikiishia kwenye vigae na taa za rangi, hazirudi.

Makala haya yanaeleza ni wapi pesa za spa hupotelea, ni wapi zinaweza kuokolewa, na ni wapi kuokoa ni hatari kuliko kutumia.

Anza na mikono

Spa ni neno pana. Kuna ukandaji, kuna sauna na chumba cha mvuke, kuna utunzaji wa ngozi, kucha na nywele, na kuna beseni kubwa la maji moto linaloitwa jakuzi. Watu wengi hupanga kuwa na vyote kwa pamoja kwa sababu ndivyo walivyoviona kwenye hoteli kubwa. Hoteli ina wageni wanaolala humo na inalipia jakuzi kwa pesa za vyumba. Spa ya kijijini haina vyumba vya kuibeba.

Huduma yenye gharama ndogo kuanzisha ni ukandaji. Unahitaji mikono iliyofunzwa, kitanda, mafuta, shuka safi na chumba chenye joto. Tena huhitaji hata chumba, kwa kuwa mkandaji mwenye kitanda cha kukunja anaweza kuifuata kazi kambini, nyumbani au kwenye nyumba ya wageni. Hana kodi ya nyumba, hana bili ya stima, na kila mteja anayempata anamwonyesha kama kuna soko la kutosha kujengea. Miezi sita ya kazi ya aina hiyo hufundisha mengi kuliko mpango wa biashara wa kurasa arubaini.

Kitanda chenyewe si lazima kiagizwe kutoka nje. Fundi mzuri wa mbao Eldoret anaweza kukitengeneza kwa mbao kavu za saiprasi, ili mradi apewe vipimo: urefu wa kama sentimita 185 hadi 190, upana wa sentimita 70 hivi, na kimo kinachomfikia mkandaji kwenye vifundo vya ngumi akiwa amesimama na mikono imening'inia. Kimo ndicho kipimo ambacho watu hukisahau, kisha mkandaji anaumwa mgongo kabla ya mwaka kuisha. Godoro liwe la sifongo ngumu, lifunikwe kwa ngozi bandia inayopanguswa, si kwa kitambaa kinachonyonya mafuta.

Kalenda nayo ina bei. Wanariadha wa masafa marefu hujiandaa kwa misimu miwili mikubwa: mbio za Aprili, kama Boston na London, na zile za kuanzia Septemba hadi Novemba, yaani Berlin, Chicago na New York. Wiki za kabla ya mbio hizo ndipo mazoezi huwa makali na mahitaji ya kukandwa hupanda. Baada ya mbio wengi hupumzika, na wengine hurudi makwao. Anayeajiri watu wanne mwezi wa Februari akidhani hali itabaki hivyo mwaka mzima atajikuta mwezi wa Mei akilipa watu wanne wakae. Afadhali wawili wa kudumu, na wengine wa kuitwa msimu ukifika.

Wateja wawili kwa siku, au wanne

Kabla ya kusaini chochote, mwenye biashara anapaswa kujua idadi ya wateja inayomwezesha kulipa gharama zake bila faida wala hasara. Hesabu si ngumu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mtu aweke zake.

Tuseme ukandaji wa saa moja unatozwa shilingi 1,000. Katika hizo, mafuta, kufua na maji moto vinachukua 150, na mkandaji anapewa 400 kwa kila mteja. Zinabaki 450. Tuseme tena kwamba kodi ya chumba, mlinzi, intaneti, usafi na akiba ya vibali ni shilingi 27,000 kwa mwezi. Gawanya 27,000 kwa 450: ni wateja 60. Ukifungua siku 26, hao ni wateja wawili na kidogo kwa siku. Hilo linawezekana.

Sasa mwenye spa huyo huyo akikopa kununua jakuzi, na marejesho pamoja na matengenezo yakaongeza 18,000 kwa mwezi, gharama isiyobadilika inafika 45,000. Wateja wanaohitajika ni 100, karibu wanne kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Jakuzi lile halijamletea shilingi bado. Limemwongezea wateja 40 wa kutafuta kila mwezi ili tu abaki pale pale alipokuwa.

Ndiyo sababu wenye uzoefu hutenganisha gharama zinazokuja na mteja na zile zinazokuja na mwisho wa mwezi. Malipo ya mkandaji kwa asilimia ni ya aina ya kwanza: mteja asipokuja, hayapo. Kodi ya nyumba na mkopo ni vya aina ya pili. Biashara changa hustahimili ikiwa na nyingi za aina ya kwanza na chache za aina ya pili.

Kuhusu mikopo, Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022 hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa anayenunua taulo na mafuta ya kuanzia huenda ikatosha. Mikopo ya simu inayolipwa kwa siku au wiki ni jambo lingine kabisa. Riba yake ikihesabiwa kwa mwaka hutisha, na mapato ya spa hayaingii kila siku kama ya duka la unga.

Maji moto

Hapa ndipo Kaptagat inapotofautiana na Mombasa. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za koti. Mteja aliyelala nusu uchi kwenye chumba baridi hakazi misuli tu, harudi pia. Kwa hivyo joto ni gharama ya lazima, na swali ni namna ya kulipata.

Ni vizuri kujua uzito wa maji kwenye bili ya stima. Kupasha lita 40 za maji ya kuoga kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 40 kunahitaji yuniti moja na kidogo. Kujaza jakuzi la lita 1,000 na kulifikisha nyuzi 38 kunahitaji karibu yuniti 27, na hiyo ni kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Kipasha joto cha sauna cha kilowati 6 kikiwaka mfululizo kinameza yuniti 6 kila saa. Chukua risiti ya tokeni za mwezi uliopita, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, kisha zidisha. Watu wengi hubadilisha mawazo kuhusu jakuzi wakifika hapo.

Mtambo wa kupasha maji kwa jua una bei kubwa mwanzoni, lakini huo ndio ununuzi mkubwa unaoweza kutetewa. Hata siku za mawingu, kati ya Aprili na Agosti, huinua maji kutoka nyuzi 15 hadi 25 au 30, na stima inamalizia tu. Tangi na mabomba yafungwe kwa sponji au kitambaa kinachozuia joto kutoroka. Bomba lililo wazi kwenye upepo wa Kaptagat ni kama dirisha lililoachwa wazi usiku. Chumba cha ukandaji nacho kiwe kidogo, chenye dari na pazia nzito. Dari ya mbao hugharimu mara moja, hita hugharimu kila siku.

Kuna wanaotegemea kuni, na sauna ya kuni si jambo la aibu. Finland, nchi ambayo iliupa ulimwengu neno lenyewe, bado inazo nyingi. Lakini kuni za msitu wa Kaptagat si za kuokotwa ovyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kuzikusanya kunahitaji idhini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na wakazi hupitia vyama vyao vya misitu vya jamii. Msitu huu ndio unaolisha mito inayokwenda kwenye mabwawa ya Eldoret, na kila mwaka watu hukusanyika kupanda miti humo. Spa inayouza utulivu wa msitu huku ikiuchoma ina tatizo ambalo wateja wataliona. Mikaratusi ya shambani iliyokaushwa vizuri, pamoja na jiko lenye bomba la moshi, inatosha. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujikausha zenyewe.

Maji ya mvua ni zawadi ambayo wengi huiacha ipite. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mita mraba 60 likinyeshewa milimita 10, hiyo ni lita 600, toa kidogo kinachopotea. Maji hayo hufaa sana kwa kufulia kwa sababu ni laini na hutumia sabuni kidogo.

Na kwa wanariadha, ubaridi wenyewe ni bidhaa. Wengi hupenda kutumbukiza miguu kwenye maji ya kati ya nyuzi 10 na 15 baada ya mazoezi magumu. Mjini hilo hugharimu magunia ya barafu. Kaptagat, pipa safi lililojazwa jioni na kuachwa nje hadi alfajiri huwa limekaribia hapo lenyewe. Ni friji isiyo na bili.

Taulo, mafuta na kile kilicho ndani ya chupa

Mteja mmoja hutumia shuka mbili na taulo mbili. Wateja wanane ni taulo kumi na sita, na katika mwezi wa Julai taulo nzito haikauki kwa siku moja. Hapo ndipo watu hulazimika kununua seti tatu au nne za kila kitu. Suluhisho la bei nafuu linajulikana na kila mama: leso. Hufunika mwili vizuri, hukauka upesi, haichukui nafasi kwenye ndoo, na mgeni kutoka ng'ambo huipenda kuliko taulo nyeupe aliyoizoea. Taulo zibaki mbili ndogo, moja ya uso na moja ya miguu. Shuka nzuri za pamba hupatikana kwenye mitumba mjini Eldoret kwa bei isiyolingana na za dukani, ila zichemshwe kabla ya kutumika hata mara moja, na baada ya hapo zifuliwe kwa maji moto kila mteja anapoondoka. Afisa wa afya ya umma akija, hicho ndicho atakachoangalia kwanza, na ana haki.

Kibanda cha kukaushia chenye paa la plastiki angavu, kilicho wazi pembeni ili upepo upite, hujengwa kwa pesa chache kuliko mashine ya kukausha, na hakina injini ya kuharibika.

Mafuta ya kukandia yanayouzwa kwenye chupa ndogo zenye maandishi ya dhahabu mara nyingi huwa ni mafuta ya mimea ya kawaida yaliyotiwa manukato. Mafuta ya alizeti, ya nazi kutoka Pwani au ya parachichi hufanya kazi ile ile yakinunuliwa kwa lita. Yawekwe kwenye chupa nyeusi mbali na mwanga, na yatumike upesi, kwa kuwa mafuta yaliyochacha hunuka na huudhi ngozi. Wanawake wa Zanzibar na Lamu hawakuwahi kusubiri chupa kutoka Ulaya: singo yao, mchanganyiko wa maua na viungo unaomsugua bi harusi, hutokana na bustani na soko la karibu, na leo hoteli za kitalii huitoza bei ya juu. Paje, Unguja, wanawake hutengeneza sabuni kutokana na mwani wanaoulima ufuoni. Kaptagat ina asali, maziwa, parachichi na shayiri. Hakuna sababu ya kulipia udongo wa Ufaransa.

Tahadhari moja hapa ni nzito, na katika eneo hili haiwezi kupitwa haraka. Mwanariadha anawajibika kwa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake, hata kama kiliingia bila yeye kujua. Machi 2024, mchezaji wa tenisi wa Italia Jannik Sinner alipatikana na chembe za klostebo, dawa iliyopigwa marufuku. Ilielezwa kwamba mtaalamu wake alikuwa ametibu kidonda cha kidole chake mwenyewe kwa dawa ya kupuliza inayouzwa madukani huko Italia, kisha akamkanda Sinner bila glovu. Februari 2025 mchezaji huyo alikubali kufungiwa miezi mitatu, ingawa ilikubaliwa kwamba hakukusudia kudanganya. Huyo alikuwa na mawakili. Kijana wa Kaptagat anayesubiri mbio yake ya kwanza ng'ambo hana.

Kwa sababu hiyo mkandaji wa wanariadha hapaswi kununua krimu ya bei rahisi isiyo na orodha ya viungo, wala kupaka "dawa ya misuli" iliyochanganywa na mtu asiyejulikana. Alizeti tupu ni rahisi zaidi na salama zaidi. Mkandaji mwenye kidonda mkononi akitumia dawa yoyote, avae glovu au ampishe mwenzake. Mwenye shaka aulize Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli nchini, ADAK. Kwa wateja wa urembo, krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na kuziuza kwa kuwa zinatoka haraka ni njia ya uhakika ya kufunga duka.

Makaratasi

Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen ni rahisi na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kampuni, ambayo ada yake hupita shilingi 10,000. Mtu mmoja anayeanza na kitanda kimoja hahitaji kampuni. Asiye na uzoefu wa mtandao anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma Eldoret badala ya kumlipa dalali.

Kibali cha biashara cha kaunti hutozwa kulingana na aina na ukubwa wa biashara, kama ilivyo kwenye Sheria ya Fedha ya Kaunti ya mwaka husika. Ni kosa linalogharimu kuandika kwenye fomu huduma ambazo bado huna, kwa kujivuna. Andika unachofanya. Pia uliza ofisi ya mapato kabla ya kulipia kibali miezi ya mwisho wa mwaka. Anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa spa aulize kwanza ofisi ya mipango kama anahitaji idhini ya kubadilisha matumizi ya jengo, kwa mujibu wa sheria ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi. Swali hilo ni la bure kabla ya kujenga, na ghali baada yake.

Kaptagat ina jambo lake la kipekee: jina ni moja lakini kaunti ni mbili. Wadi ya Kaptagat iko Ainabkoi, Uasin Gishu. Ukivuka mpaka upo Keiyo Kusini, Elgeyo-Marakwet. Mkandaji anayezunguka kambini ajue kambi anayokwenda iko upande gani, aulize mapema kama kibali chake kinamtosha huko, asije akajibu swali hilo mbele ya askari wa kaunti.

Kuhusu kodi, biashara ambayo mauzo yake ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Spa ya wateja 60 katika mfano wetu huuza 720,000 kwa mwaka, kwa hivyo iko chini ya kiwango hicho, ingawa mwenyewe bado anapaswa kuwasilisha ripoti yake ya mwaka kwa KRA. Ile ya wateja 100 huuza milioni 1.2, na inapaswa kuweka kando shilingi 3,000 kila mwezi. Kodi hii hukatwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Ambaye matumizi yake ni makubwa na faida ni nyembamba anaruhusiwa kumwandikia Kamishna akichagua kodi ya kawaida ya mapato, lakini basi awe na risiti za kila alichonunua.

Na muziki. Spa inayopiga nyimbo kwa wateja hutakiwa kuwa na leseni kutoka kwa vyama vinavyokusanya mirabaha ya wasanii. Wasanii wanastahili kulipwa. Lakini katika eneo lenye ndege wengi kiasi hiki, kufungua dirisha kidogo ni jambo la kufikiriwa.

Pasipofaa kukatwa

Mafunzo hayakatwi. Mkandaji asiyejua kwamba ndama ya mguu iliyovimba upande mmoja, yenye joto na maumivu, inaweza kuwa na damu iliyoganda ndani, anaweza kumuua mtu kwa mikono yake. Mteja wa namna hiyo haandaliwi kitanda, hupelekwa hospitali. Kwa kijana asiye na cheti, vyuo vya ufundi na majaribio ya kazi ya NITA ni njia ya bei nafuu kuliko vyuo vya kifahari. Na asijiite mtaalamu wa fiziotherapia. Jina hilo linalindwa na Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014, na wanaolitumia husajiliwa na baraza lao.

Wafanyakazi nao hawakatwi kwa ujanja. Kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huhesabiwa na Sheria ya Ajira ya 2007 kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakuandikiwa chochote. Michango ya NSSF, bima ya afya ya SHA na ada ya nyumba iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na bima ya ajali kazini. Kuiongeza baadaye ndiko kunakovunja bajeti.

Jambo la mwisho halina bei kwenye risiti. Neno masaji limeharibiwa jina, na wanaoumizwa na hilo kwanza ni wasichana wanaofanya kazi halali. Ubao wenye bei zilizoandikwa wazi, mlango wenye kioo kidogo cha juu, daftari la wateja, saa za kufunga zinazojulikana, na ruhusa ya mkandaji kusimamisha kazi na kumtoa mteja anayemkosea heshima bila kukatwa mshahara: vyote hivyo ni karibu bure. Spa inayojulikana kuwa salama hupata wake kwa waume, makocha huituma timu nzima, na mzazi hamkatazi bintiye kufanya kazi humo. Matangazo ya kulipia hayawezi kununua hayo. Ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi wa kambi, wenye bei ya kikundi kwa siku zisizo na wateja kama Jumanne, huleta zaidi ya bango barabarani.

Anayetaka kuwa wazi kabla ya mazoezi ya mbio za Septemba kupamba moto aanze makaratasi mwezi wa Mei, wakati kambi zimetulia na fundi hana foleni, na achukue kitanda chake Juni. Fomu za kibali na mwongozo wa afya ya umma huulizwa katika ofisi ya wadi.